Nilisoma Sheria, Akapigwa Picha Mume Wangu

Mpendwa Bi Mkavu,

Naomba msaada, na kama msaada wenyewe ni kunigombeza basi nigombeze, maana kila nikianza kumlaumu mume wangu najikuta na mimi nimo. Mume wangu ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, na mwaka jana mwajiri wake alimwambia akifaulu somo la sheria, ambalo ndilo lililombakia kwenye mtihani wa uhasibu, atampandisha cheo, akamlipia na masomo ya mtandaoni, Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni na Jumamosi asubuhi. Sasa masomo hayo yana mtego wake, kila baada ya dakika kumi na tano kinatokea kisanduku kinauliza "Bado upo?", usipobonyeza unahesabiwa hukuwepo, na mwisho wa mwezi mwajiri anatumiwa orodha ya mahudhurio. Wiki ya pili tu mume wangu akaniambia, "Mama Pacha, hebu nibonyezee, natoka mara moja," na hiyo mara moja, Bi Mkavu, imechukua miezi minane.

Mwanzoni nilikuwa nabonyeza huku nakunja nguo. Halafu nikaanza kusikiliza, kwa sababu mimi mwenyewe nilisomea uhasibu kabla ya kupata mapacha, nilifaulu masomo matatu ya ngazi hiyohiyo nikabakiwa na sheria, mimba ikanielemea nikaacha, nikasema nitarudi. Mwalimu ni mama mmoja mwenye sauti ya mafua, lakini akieleza mkataba unaelewa mpaka unajishangaa. Nikanunua daftari. Nikawa naandika maswali kwa jina la mume wangu, mwalimu anajibu, "Swali zuri sana, bwana," na mimi peke yangu chumbani natabasamu kama mwehu. Kazi zote za darasa nikazifanya mimi. Akirudi anauliza, "Haya, leo nimesoma nini?" tunacheka wote, sitakataa.

Kilichonichoma ni picha. Wiki moja kabla ya mtihani chuo kilimtangaza mume wangu mwanafunzi bora wa sheria kwa alama za kazi za darasa, kazini kwake wakambandika kwenye ubao wa matangazo ameshika cheti, meno yote nje. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea funguo alizosahau, nikasimama mbele ya ule ubao, dada wa mapokezi akaniambia, "Shemeji, una bahati, umeolewa na kichwa." Mume wangu alikuwepo, alisikia. Hata kunitazama hakunitazama.

Jioni yake ndilo lilikuwa somo la mwisho, na mwalimu akasema, "Wakala. Asiingie mtu ukumbini bila kujua sheria ya wakala." Kwa asiyejua, wakala ni anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine, na alichokifanya kinahesabiwa kimefanywa na aliyemtuma. Cheka tu, hata mimi nilicheka, halafu nikalia. Mume wangu alipoomba muhtasari nikamwandikia kurasa kumi na moja, safi kabisa, na wakala sikumwandikia. Makusudi. Mtihani unafanyiwa ukumbini kwa kitambulisho, huko nisingeweza kumbonyezea, na swali la wakala likaja, alama ishirini. Akapata thelathini na nne, na kufaulu ni hamsini. Piga hesabu mwenyewe.

Yeye hilo halijui. Anachojua ni kwamba "notisi zako zilinipoteza," na kamwambia mpaka mama yake, mama mkwe akanipigia simu kunisihi nimsaidie mwenzangu kwa moyo mweupe. Mwajiri kampa nafasi moja ya mwisho, masomo yanaanza tena Jumanne, na kompyuta keshaniwekea mezani. Huku nako chuo kimeniandikia kwamba nisipofanya sheria safari hii yale masomo yangu matatu yanafutwa, nianze upya, na mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Nilipomgusia akasema, "Wewe sheria ya nini? Utawahukumu hawa pacha?" Akasema tusubiri yeye apite kwanza. Ningejiandikisha kimyakimya, lakini nikikumbuka ile thelathini na nne naona mimi ndiye niliyemharibia, basi angalau nimbonyezee tena hii mara ya mwisho. Nifanyeje?

Ni mimi, Mke wa Mwanafunzi Bora

BI MKAVU ANAJIBU

Pole. Ipokee vizuri, maana nyingine huipati.

Nilipofika kwa yule dada wa mapokezi niliweka miwani chini nikasonya. Mumeo ni mvivu, na mvivu aliyeoa mwerevu hana haraka ya kubadilika. Lakini nani kamzoesha? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mwana wako wewe ana ndevu. Miezi minane mmemdanganya mwajiri wa watu, mmemdanganya yule mama wa mafua anayejichosha kufundisha, halafu unashangaa cheti kuandikwa jina lisilo lako. Ulitaka kiandikwe la nani?

Na hilo la wakala usilipambe. Ulimnyima kwa hasira, ni kosa, na ni lako. Ila hesabu yako nimeipiga kama ulivyoniambia na haijumliki. Unampaje mtu alama zote ishirini za somo ambalo hajalisikiliza hata robo saa? Kama kurasa kumi na moja ulizomtafunia zilimpa thelathini na nne, ukurasa wa kumi na mbili ungempa tatu, nne. Alifeli kwa sababu hakusoma, basi.

Hata hivyo, mwambie. Usipomwambia, siri hiyo ndiyo itakayokukalisha mbele ya kompyuta Jumanne, ubonyeze kama mtu anayetumikia kifungo. Lakini kwanza kajiandikishe, tena leo, usingoje Ijumaa. Ukishapewa namba ya mtahiniwa ndipo umwambie yote mawili kwa pamoja. Ukianza kumwambia mtajadiliana, na katika kujadiliana na huyo bwana sioni mahali uliposhinda hata siku moja. Atafoka, mwache afoke. Atampigia mama yake. Mama mkwe akikupigia, mwambie kwa adabu, "Mama, safari hii na mimi nina mtihani." Daftari ni lako, akilitaka, anakili kwa mkono wake. Kwa mwajiri wake sikutumi, siku atakapoulizwa swali la sheria mbele ya watu atajitangaza mwenyewe.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo ndilo ninaloliona. Unaogopa, dada yangu. Miezi minane uliifurahia sheria kwa sababu ukikosea, aliyekosea ni yeye. Umejificha nyuma ya jina la mumeo kwa raha zako, halafu unakuja kwangu na habari za kumwonea huruma. Huruma gani? Huo ni woga, na masomo yako matatu yanakwenda kufutwa kwa ajili yake.

Huenda ukafeli. Watu wanaojua sana hufeli kila mwaka. Basi ukifeli ulie, na hicho kilio kitakuwa chako mwenyewe. Ofisi ya usajili inafunguliwa asubuhi. Nenda.