Mipira ya Juu Aliyoninyima Kiroboto

Chumba cha Mwisho, Ghorofa ya Pili,
Nyumba ya Wageni nyuma ya Viwanja vya Mazoezi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia na cherehani haijakugomea tena. Mimi sijambo. Bega nalo halijambo, ingawa kila asubuhi lazima nilibembeleze kwanza kabla ya kunyoosha mkono kuchukua mswaki. Habari za nyumbani huwa nazipata kwa kaka yako, ambaye siku hizi akinipigia simu ananisalimia upesi upesi kisha anauliza Kiroboto anaendeleaje. Baba yangu mzazi, Shangazi! Ananipigia mimi simu kumuulizia binti wa dada yake.

Barua yako niliipata Ijumaa. Unaniomba nimrudie Kiroboto tucheze tena tenisi ya wawili wawili, kwa kuwa mwenzake amemwacha na msimu haujafika hata katikati. Umeandika kwa upole mno, mwanangu hapa, mwanangu pale, nikajua tu kuna jambo linakuja. Jibu nitakupa, ila kwanza niache nitoe ya moyoni, maana nikikujibu kwa kifupi utasema nimeota pembe.

Shangazi, namwonea wivu binti yako. Sisemi ule wivu wa kutaniana mezani. Hiki ni kijicho chenyewe, cha kuumwa tumbo. Kwenye mgahawa wa wachezaji wamebandika picha yake ukutani, akicheka meno yote nje, nami kila siku nageuza kiti niipe mgongo. Juzi mpishi akaniuliza eti mimi si ndiye niliyekuwa nikicheza na yule? Niliyekuwa! Nikajichekesha, nikabeba sahani yangu, nikaenda kula chumbani.

Wewe unajua tulivyoanza. Ulitushonea sketi mbili kwa kitambaa kimoja, watu wakatuita mapacha, nasi hatukuwasahihisha. Lakini kati ya hao mapacha, mimi ndiye niliyekuwa mbele, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa nikipangiwa uwanja mkubwa, wenye viti vya kuegemea, yeye anacheza kule pembeni karibu na mapipa ya taka. Halafu jioni tunaungana kucheza wawili, na mimi namwambia vumilia, Kiroboto, zamu yako itafika. Nilikuwa na moyo mzuri ajabu siku hizo. Haukuwa ukinigharimu chochote.

Kisha bega likachanika. Niliruka kuuwahi mpira wa juu, ule ambao mtu anaupandisha upite kichwani kwako uangukie nyuma, na nikaanguka nao. Daktari akashona. Kiroboto alikaa nami hospitalini, akanilisha kwa kijiko, akanisuka nywele zikaenda upande. Nikamwambia aende akatafute mwenzake mwingine, msimu usimpite. Nilisema kwa adabu tu, Shangazi, kama unavyomwambia mgeni aliyekwisha vaa viatu kwamba bado mapema, akae. Nilitegemea akatae. Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda.

Huko ndiko alikompata yule ninayemwita Miwani, kwa kuwa miwani yake ya jua haivui hata mawingu yakitanda. Mkono wangu ulikuwa bado umefungwa shingoni wao walipobeba kombe. Niliwaona kwenye televisheni ya chumba cha mazoezi ya viungo, mkandaji akininyoosha mkono. Machozi yaliponitoka alidhani ananiumiza, akaniomba radhi. Nikamsamehe.

Niliporudi uwanjani nilirudi chini kabisa, kwenye mechi za mchujo, ambako refa anapiga miayo na watazamaji ni wazazi wa yule unayecheza naye. Nimeshinda hapa, nimepigwa pale. Kuna wiki nilifika nusu fainali, kaka yako akatangaza mtaa mzima kwamba nimerudi. Wiki iliyofuata nikatolewa na kasichana kenye vyuma vya meno. Siku hizi wote wanajua dawa yangu: wananipandishia mpira juu ya bega la kulia. Siwalaumu. Kazi yetu ndiyo hiyo, ukiona mwenzio ana mahali pabovu unapiga hapo hapo, na mechi ikiisha mnapeana mikono bila kinyongo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua Kiroboto hakukuambia.

Mwezi uliopita tulikutana, mimi na mwenzangu mpya upande huu, Kiroboto na Miwani upande ule. Nilitaka kumpiga, Shangazi. Nilitaka nimpige hadi akuandikie wewe barua ya kulia. Miwani hakukawia, alianza kunipandishia mipira ya juu tangu mwanzo, nami nikaikosa, na hilo halikunikera hata kidogo. Lakini binti yako hakunipandishia hata mmoja. Mwanzoni nilidhani ananivizia. Nikasogea karibu na wavu makusudi, nikaacha nyuma yangu wazi, nafasi ambayo hata wewe na magoti yako ungeiona. Akapiga chini, pale pale kwenye raketi yangu. Nikasogea zaidi. Akapiga chini tena.

Tulipokuwa tunabadilishana upande nikamsikia Miwani akimfokea, “Mpandishie! Unangoja nini? Bega lake bovu, mpandishie!” Kiroboto akainama kufunga kamba za kiatu, na kamba zenyewe zilikuwa zimefungwa vizuri tu.

Tukashinda. Nasikia nyumbani mlipiga vigelegele, na kaka yako akaniita simba. Simba gani! Nilikaa bafuni na viatu miguuni, nimefura kwa hasira, mwenzangu anagonga mlango akidhani nalia kwa furaha. Ule ndio ushindi wangu mkubwa kuliko wote tangu nishonwe, na nimepewa kama chenji iliyobaki. Miwani amemwacha kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya ratiba kama ulivyoambiwa. Na mimi, nisiyempenda Miwani, nasema alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningemwacha siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuoga.

Basi wivu wangu umekuwa mbaya zaidi. Mwanzo nilimwonea gere kwa kombe, na kwa picha yake mgahawani, na kwa simu za baba. Sasa namwonea gere kwa kuwa ana uwezo wa kushindwa. Yuko juu kiasi kwamba anaweza kunitupia mechi nzima na kesho bado jina lake liko pale pale. Mimi sina mechi ya kumtupia mtu. Lingekuwa bega lake ningelipiga, na ningelipiga huku nampenda. Je, yeye aliniachia kwa kunipenda au kwa kunihurumia? Nimejiuliza nikifua soksi, nimejiuliza nikipanga foleni ya maji ya moto. Kama ni huruma, siitaki hata bure.

Haya, jibu lako ni hili. Sitamrudia kwa sababu mama yake ameniombea. Unisamehe, unajua ninavyokuheshimu, lakini hili si la wakubwa. Yeye mwenyewe yuko hapa hapa, anakaa hoteli ya ng'ambo ya barabara, asubuhi namwona akinunua maji kwenye duka lile lile ninalonunua mimi. Tunajitia hamnazo wote wawili. Kisha anavuka bahari na milima kumtuma mama yake! Mwambie aje kwenye uwanja wa mazoezi na kikapu cha mipira, asimame upande wa pili wa wavu, anipandishie juu ya bega hili mpaka mkono umchoke. Nitakayoiwahi nitaiwahi, nitakayoikosa nitaikosa. Akiogopa kunipiga akiwa kule, basi hata akiwa upande wangu kila mara nitadhani ananibeba, na mimi kubebwa sitaki.

Nisalimie bibi, mwambie dawa yake ya kuchua inanuka kama sanduku la fundi viatu lakini bega limeikubali. Wasalimie wadogo zangu wote, hasa yule kitinda mimba anayenichora nikiwa na shingo ya twiga. Mjomba naye mpe salamu, akumbuke vidonge vyake vya presha. Kaka yako usimsomee barua hii, atanipigia simu anihubirie mpaka chaji iishe. Mungu akulinde, akupe macho ya kuendelea kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu.

Limebaki jambo moja, na hili ni lako peke yako. Tulipokuwa pamoja Kiroboto alisimama kushoto, mimi kulia. Tangu ameondoka nimebadilisha wenzangu wanne, na wote nimewapa upande wa kulia, mimi nikahamia kushoto. Kushoto sijui kucheza, Shangazi. Mechi zimenipotea hapo hadi kocha sauti imemkauka kwa kunifokea, nami namwambia najaribu mbinu mpya. Mbinu ya wapi! Sikutaka tu nigeuke nimwone mtu mwingine amesimama pale. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikishamaliza kumkasirikia.

Ni mimi mwenye kijicho, na nikupendaye kuliko ninavyoonyesha,
Binti wa kaka yako.