Miezi Saba kwa Jina Lako

Zuhura,

Naomba nianze kwa kukulaumu, maana nikianza kwa salamu nitalainika, na leo sitaki kulainika. Uliondoka ukaniachia jina lako. Sisemi kama wanavyosema watu wazima msibani, kwamba marehemu ameacha jina zuri. Umeniachia jina lenyewe, na picha yako, na nyota tano kasoro kidogo, na watu wa nchi za mbali wanaoniandikia kila asubuhi, "Habari Zuhura, umeamkaje?" Na mimi, Atupele mzima, mtoto wa Kinyakyusa mwenye jina langu na la ukoo wangu, najibu kwamba nimeamka salama.

Miezi saba sasa. Nimechoka, shoga yangu.

Najua unajua tulivyofika hapa, ila nikiwa na hasira napenda kuanzia mwanzo, na mtu wa kunikatisha hayupo. Tulipomaliza chuo Iringa tukaja Mbeya, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Soweto, tukaanza kuomba kazi mtandaoni kwa sababu huku nje tulizunguka na bahasha mpaka viatu vikaisha. Ule mtandao wa kazi ulitaka kitambulisho cha taifa, kadi yenyewe, namba peke yake haikutosha. Wewe kadi ulikuwa nayo. Mimi yangu ilibaki Iringa nilikojiandikishia, na kila mwezi nilisema nitaifuata mwezi ujao. Ukaniambia, "Ya nini kuhangaika, Atu? Ingia kwangu. Uso mmoja unatutosha."

Tukacheka. Hakuna aliyeona ajabu. Nyumba yetu ilikuwa na mita moja ya umeme kwa wapangaji sita na jiko moja la mkaa kwa watatu. Akaunti moja kwa wasichana wawili ingetushinda nini?

Tukagawana. Mimi nikawa mikono, nafanya tafsiri na kuandika manukuu ya video, yale maandishi yanayopita chini ya picha, neno kwa neno, mpaka shingo inakakamaa. Wewe ukawa mdomo. Uliongea na wateja, ukajua wana watoto wangapi, mbwa wao anaitwa nani, nani ameachika. Yule Marit wa Norway, anayetengeneza video za afya ya mama na mtoto, ulimpa jina la Mama Baridi kwa sababu kila barua yake ilianza na hali ya hewa. Alikataa kuamini kwamba Mbeya mwezi wa sita watu tunatetemeka, ukajipiga picha ukamtumia, umevaa sweta mbili na kofia ya sufu, pua imekuwa nyekundu. Alicheka wiki nzima. Toka siku hiyo hakuwahi kumpa mtu mwingine kazi ya Kiswahili.

Mimi nilikuwa nakununia. Nilikuona unapiga soga huku mimi napinda mgongo. Ulikuwa unaniambia, "Mikono ipo mingi duniani, Atu. Watu wanarudi kwa sababu ya mdomo." Iliniudhi sana. Sasa nimegundua ulikuwa unasema kweli, na hilo linaniudhi zaidi.

Halafu ukafa. Jumanne ulisema kichwa kinauma. Jumatano ukasema ni kichwa tu, nisikuze mambo. Alhamisi tulikuwa hospitali, na Ijumaa asubuhi nilikuwa ndani ya gari lililokubeba kwenda kwenu Ubaruku, najiuliza nani atanieleza kilichotokea. Mpaka leo sijaelezwa nikaelewa.

Ulizikwa siku ileile. Wanaume waliondoka na jeneza, sisi wanawake tukabaki ndani, nami nilikaa mkekani pembeni ya Mama yako nikiwa nimejitanda kanga ya Salma mdogo wako. Simu yako nilikuwa nayo mimi, nilipewa ili niwajulishe watu. Ikatetemeka. Ilikuwa Mama Baridi, anauliza manukuu ya video ya kunyonyesha, maana yalitakiwa siku hiyo.

Ningeweza kumwandikia ukweli palepale. Nilifikiria. Niliogopa akaunti itafungwa, hakuna sababu nyingine, wala sitaipamba. Nikaandika, "Samahani, tumefiwa nyumbani." Hazikupita dakika mbili akajibu, "Pole sana, Zuhura." Hiyo pole ulimfundisha wewe. "Chukua muda wako wote. Aliyefariki alikuwa mtu wako wa karibu?"

Nikajibu, "Ndiyo. Wa karibu sana."

Ndivyo ulivyopewa pole ya kifo chako mwenyewe, na mimi ndiye niliyeipokea kwa niaba yako, nimekaa mkekani kwenu.

Niliporudi Soweto nikaendelea. Chumba chako amepanga mwalimu mmoja anayekaanga dagaa alfajiri, nyumba nzima inaamka inapiga chafya. Fungu lako la malipo nampelekea Mama yako, na hilo sitaki kulizungumza zaidi. Lakini kuwa wewe, Zuhura, ni kazi ngumu! Nilikuwa nafungua mazungumzo yako ya zamani nione ungejibuje, ungeweka emoji gani, ungetania wapi. Siku moja nikajaribu utani wa theluji kwa Mama Baridi, akaniuliza kama naumwa. Mteja mwingine aliandika kwenye ukurasa wako kwamba kazi ni nzuri kama kawaida, ila Zuhura siku hizi amekuwa mkavu. Nilitaka kumjibu kwamba Zuhura si mkavu, Zuhura yupo chini ya ardhi Ubaruku, na mkavu ni mimi, nimezaliwa hivi. Nikaandika, "Asante kwa maoni yako." Nikaweka na ua.

Nilikuchukia kidogo siku hiyo. Najua hairuhusiwi kumchukia marehemu. Nilikuchukia hata hivyo, kwa jinsi ulivyokuwa unapendwa na watu bila jasho, halafu ukaniachia mimi nipendwe badala yako.

Mwishoni mwa mwezi uliopita mambo mawili yakaja kwa pamoja. Mama Baridi akaniandikia, yaani akakuandikia, kwamba amepata mradi wa mwaka mzima, video moja kila wiki, na anataka ufanye wewe. Kesho yake mtandao ukaleta ujumbe mwekundu: mwenye akaunti athibitishe uso wake mbele ya kamera ndani ya siku kumi. Ageuze kichwa kulia, ageuze kushoto, apepese macho. Asipofanya hivyo, akaunti inafungwa.

Unajua nilichofanya. Kama huko mliko mnaona, uliniona, na ulikasirika.

Nilikwenda Ubaruku kumfuata Salma. Mnafanana, kila mtu anasema. Nilimweleza mambo yote, akanisikiliza, akasema, "Kama ni kwa ajili ya kazi ya dada, sawa." Tukaingia chumba cha uani. Mashine ya mpunga ya Baba yako ilikuwa inanguruma, nikafunga dirisha vumbi la pumba lisiingie. Nikamvika Salma ile hijabu yako ya kijani, nikamchora nyusi zako. Nikawasha kompyuta. Nikawa namwelekeza kwa sauti ya chini, "Kulia kidogo. Sasa kushoto. Inua kidevu."

Mama akaingia kuchukua ungo.

Alisimama mlangoni. Hakupiga kelele, Zuhura, ningependa angepiga kelele. Aliangalia hijabu, akaangalia kompyuta, akauliza, "Mnafanya nini?" Nikamweleza, nikijikanyaga mwenyewe kwa maneno, mara akaunti, mara uthibitisho, mara mradi wa mwaka mzima. Alinisubiri mpaka nikamaliza. Akasema, "Atu, mwanangu nilimwosha mwenyewe. Kichwa chake nilikishika kwa mikono hii, nikakigeuza kulia, nikakigeuza kushoto, nikamfumba macho. Wewe leo unamgeuza tena ili iweje?"

Akachukua ungo wake akatoka. Salma akavua hijabu, akaikunja polepole, akaniwekea mapajani.

Sikulala kwenu. Mama alinifungia mchele kwenye mfuko, kama kawaida yake, akaniambia nifike salama, na huo wema ulinikata kuliko matusi. Bodaboda ikanishusha Igawa. Nikasimama kando ya barabara kuu, wauza vitunguu wananiuliza naelekea wapi, kwa sababu magari ya Mbeya yanasimama upande mmoja na ya Iringa upande mwingine, na mimi nilikuwa nimesimama kama mtu aliyepotea. Nilikuwa na siku sita zimebaki. Nilikuwa na hasira na Mama, na wewe, na hao watu wa mtandao wasioweza kuelewa kwamba mtu anaweza kufa bila kumaliza mkataba. Hasira zikaisha nguvu, nikabaki na aibu. Nikavuka barabara nikapanda gari la Iringa.

Kadi yangu ilikuwepo. Ilikuwa tayari miaka mitatu, Zuhura! Ofisi ya kata, kwenye boksi, imefungwa mpira pamoja na za wenzangu ambao nao wanasema watazifuata mwezi ujao. Dada aliyenipa akatazama picha, akanitazama, akasema, "Umenenepa." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Miaka mitatu nimejificha nyuma ya uso wako kwa sababu ya nauli na uvivu wa siku moja. Ningeifuata kadi, tungekuwa na akaunti mbili, na ulipokufa ningekulilia kama watu wengine wanavyolia.

Nikiwa palepale kwenye ngazi nilimwandikia Mama Baridi. Niliandika mara nne nikafuta. Mwisho nikaweka maneno machache: kwamba Zuhura alifariki ile siku niliyosema tumefiwa; kwamba mimi naitwa Atupele; kwamba tafsiri zote toka mwanzo ni za mkono wangu, ila barua zote za kabla ya siku ile ni zake. Nikabonyeza kabla sijapata akili.

Siku mbili hakujibu. Ya tatu akauliza swali moja tu. Mwaka juzi mumewe alipokuwa anaumwa, kuna mtu alimwandikia kila asubuhi kwa wiki tatu, hata siku ambazo hakukuwa na kazi. Alitaka kujua ni nani.

Sikuwa najua habari hiyo. Hukuniambia. Nilirudi kwenye mazungumzo yenu nikazikuta, barua ishirini na moja, hakuna hata moja inayotaja kazi. Moja ulimweleza jinsi Mama yako anavyopika wali wa mgonjwa. Nyingine ulimwandikia tu, "Nipo." Ningeweza kusema ni mimi. Hapakuwa na mtu wa kunibishia, na mradi wa mwaka mzima ulikuwa umelala katikati yetu. Nikamwandikia, "Ni Zuhura. Mimi nisingeweza."

Jibu lake nalijua kwa moyo. Aliandika, "Atupele, nina hasira na wewe. Mradi siwezi kukupa, nimeshampa mtu mwingine. Lakini sio hilo linaloniuma. Rafiki yangu amekufa, na wewe kwa miezi saba umeninyima kumlilia."

Nilisoma nimesimama jikoni, sufuria ya maharage motoni. Nikataka kumjibu kwa ukali, unajua nilivyo, kwamba yeye alikuwa na barua tu na mimi nilikuwa naishi na wewe, nani kamnyima nani? Nikaanza kuandika. Ndipo nikagundua sikumbuki siku niliyokulilia. Msibani nilikuwa nashughulika na simu. Niliporudi nilikuwa na kazi ya kuwa wewe. Kila asubuhi mtu anasema habari Zuhura, na Zuhura anajibu. Sasa ningemlilia nani? Maharage yaliungua yote. Yule mwalimu wa dagaa akaja kugonga mlango, ameogopa, kwa sababu nilikuwa nalia kwa sauti kama wanavyolia mama zetu kule Tukuyu, nimekaa chini, mikono kichwani, nakuita kwa jina lako na la baba yako. Alizima jiko akakaa na mimi sakafuni mpaka saa sita mchana.

Leo asubuhi, siku ya mwisho waliyonipa, nimeifunga akaunti yako. Waliniuliza sababu, wakaweka orodha nichague: nimepata kazi nyingine, sijaridhika na huduma, nataka kupumzika. Hakuna palipoandikwa kufa. Nikachagua pa mwisho, pa sababu nyinginezo, nikalaani kidogo, nikabonyeza. Picha yako ya sweta mbili ikapotea. Ya kwangu imewekwa kwenye akaunti mpya, nimenuna, haina nyota wala maoni ya mtu yeyote. Nimeshaomba kazi kumi na moja na hakuna aliyejibu. Inaniudhi, na itaendelea kuniudhi kwa muda mrefu, nisikudanganye.

Jumamosi nakwenda Ubaruku. Nitakaa siku tatu kamili, simu nitaizima nimwachie Salma, na nitamwomba Mama anionyeshe kaburi lako, maana sijawahi kuliona. Nakuahidi pia kwamba sitaandika tena neno hata moja kwa jina lako, hata nikilala njaa. Wakiniona mkavu, basi ni mkavu wa kwangu.

Kwaheri, Zuhura. Mungu akulaze pema. Nisamehe, shoga yangu, nimechelewa msibani.

Atupele