Ng'ombe wa Pembe Moja Kwenye Santuri

Rotterdam, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, kama anayekusomea ni Kabula kama kawaida, naomba aishie hapa hapa, aikunje barua, aipeleke kwa Baba Mdogo. Shemeji, tafadhali usiendelee.

Baba Mdogo, shikamoo. Msomee Mama polepole.

Mama, miguu inaendeleaje? Mvua zimefika Kisesa? Mimi ni mzima wa mwili. Bado naosha sakafu huku bandarini, baridi imenipasua midomo, na wiki inaweza kwisha sijatamka neno la Kiswahili ila nikijisemesha mwenyewe.

Jumanne nilitoka kazini nikaingia duka la santuri kupata joto tu. Ukisimama bure wanakutazama, kwa hiyo nikajifanya napekua. Ndipo nikamwona ng'ombe wetu.

Unakumbuka mimi na Kaka Masanja tulipopunguzwa kiwandani? Aliuza ng'ombe wake, akanunua mtumbwi wa kubebea dagaa, akaning'ang'ania nimchore yule ng'ombe ubaoni, mbele kabisa. Rangi nyekundu ikaniishia pembe moja bado. Akacheka: "Acha hivyo hivyo bwana. Nitautambua hata uwe mbali." Wewe ukasema Usukuma nzima haijapata kuona kilema wa namna hiyo.

Basi ni yeye, kwenye picha ya jalada la santuri, miguu juu, kwenye kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari kuwa mlango wa banda la kuku. Mbele ya banda ni magugu maji matupu. Nyuma wameandika kwamba picha ilipigwa ufukweni, Ziwa Victoria. Ufukwe gani, hawakusema.

Muuzaji akadhani nimeupenda muziki, akanivalisha hedifoni. Kumbe ni kijana mmoja tu, anatengeneza hip-hop peke yake chumbani kwa mashine. Hakuna anayeimba. Ngoma anazikatakata, zinakwama, zinaanza upya, kama injini ya mtumbwi wa Kaka ilivyokuwa ikigoma asubuhi. Sikuuelewa muziki ule, lakini nilisikiliza upande mzima nimesimama, nalia mbele za watu.

Najua utasema aliuuza mtumbwi, ndiyo maana hakurudi. Mama, Kaka angeuuza, ubao ule angeubandua kwanza abaki nao. Ule mtumbwi ulivunjika majini, na yeye alikuwa ndani.

Sasa aibu yangu. Yule mtu niliyekuandikia kwamba alimwona Kaka kule Jinja, ng'ambo ya ziwa, eti ana duka na mke mwingine, hayupo. Nilimtunga mimi uliposusa kula. Sikujua mtamgeukia Kabula, mseme ndiye aliyemkimbiza mumewe. Na barua ile alikusomea yeye, uongo wangu ukapita mdomoni mwake mwenyewe. Nikikumbuka hilo natamani ardhi inimeze.

Nimenunua ile santuri, ingawa sina cha kuipigia. Nimemkata ng'ombe kwenye jalada, yumo humu. Usimwekee Kaka chakula tena. Kaeni matanga, na Kabula akae pale anapokaa mjane, watu wampe pole aliyonyimwa miaka yote hii.

Nisalimie dada yetu aliyeolewa Magu, na wale watoto wawili wa Kaka. Waambie baba yao hakuwakimbia.

Na wewe Shemeji, kama hukunisikiliza pale juu, ukasoma kwa sauti mpaka hapa, pole. Mama amekaa mbele yako. Mtazame, umwache yeye ndiye aseme kwanza.

Mwanao, shemeji yako,
Maige