Sauti ya Simoni Pale Kwenye Kimondo

Jumapili, Tunduma

Wameifuta sauti yake, na hakuna aliyeniambia.

Asubuhi nilimpitia mama mkwe kwake Isansa, tukaenda kwenye kimondo. Tangu tumzike Simoni, mume wangu, mama amekuwa akilalamika kwamba anaanza kuisahau sauti ya mwanawe. Nikamwahidi kuwa leo ataisikia. Simoni ndiye aliyerekodiwa kwenye ule mwongozo wa kusikiliza kwa simu unaowaeleza wageni habari za kimondo. Mimi mwenyewe, tangu afariki, sikuwa nimethubutu kuusikiliza peke yangu.

Tulisimama mbele ya kile chuma kikubwa kilichoanguka kutoka angani. Nikaufungua mwongozo, nikamwekea mama simu sikioni. Akafumba macho.

"Huyu ni mwanamke," akasema.

Nikasikiliza. Msichana, sauti nzuri tu, anasoma maneno yale yale. Nikampigia kijana aliyeutengeneza. Akaniambia, "Pole sana, dada. Tulirekodi upya, zile za zamani tukazifuta. Sikujua kama amefariki."

Nikamshukuru, nikakata simu. Hakukosea.

Nikamweleza mama. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu."

"Mama, si yeye."

"Nimekuelewa. Lakini haya maneno aliyasema yeye."

Akasikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ameuweka juu ya kimondo. Midomo yake ilikuwa inafuatisha. Msichana aliponyamaza, mama akanirudishia simu, akaniomba nianzishe tena.