Mkokoteni Uliokupandisha

Baba Aika, mwanao ana boti! Si ya kupanda kwa nauli, ni yake mwenyewe. Nyekundu kama pilipili, ndefu kupita kitanda chetu, na iko hapa hapa nyumbani Mamba, nyuma ya banda la ng'ombe, mlimani huku ambako hata bata hana pa kuogelea.

Nisamehe, sijakusalimu. Salamu nyingi, mume wangu, huko uliko. Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unasumbua kukiwa na baridi, na yule ng'ombe mwenye baka usoni kazaa jike. Ila leo sikuandikii habari za ng'ombe. Nimeshikwa na kinyaa ambacho siwezi kumweleza mtu mwingine, maana nusu yake inakuhusu wewe.

Boti yenyewe wanaiita kayaki. Ina matundu mawili ya kukalia. Mtu anaingiza miguu kama anavaa suruali, kisha anapiga kasia huku na huku. Aika alipewa na watalii, mume na mke, waliovuka mpaka wa Holili na gari lao, boti ikiwa juu ya paa. Aliwaongoza mpaka kileleni, na yule mama alipozidiwa na kichwa kule juu, ni Aika aliyemshusha kwa mkono. Siku ya kurudi kwao kwa ndege wakamwambia, boti hii chukua wewe. Mimi si mtu wa kujisifu, unanijua, lakini niambie, tangu Mamba ianze kuota migomba, ni mtoto wa nani mwingine aliyepewa boti? Tena wa kike! Wale waliokucheka ulipomruhusu aende kubeba mizigo ya wageni mlimani, leo wakiniona wanakata kona.

Sasa, kuna kambi ya wageni imefunguliwa Ziwa Chala. Mwenye kambi amemwambia Aika: Jumamosi boti yako iwe majini, wageni wa kwanza wanafika, kazi ya kuwazungusha ziwani ni yako. Isipokuwepo, yuko mtu wa Taveta ana ya kwake, nampa yeye.

Chala unaijua. Ni shimo. Maji yako chini kabisa, na kijia kinashuka kwa mawe na vumbi. Pikapu itafika ukingoni, basi. Na hapa kwetu pikapu inaishia barabara kubwa, haiwezi tope letu wala mfereji. Kwa hiyo boti inataka mkokoteni mmoja utakaoitoa kihambani, huku shambani kwetu kwenye migomba na utelezi, upande nao kwenye pikapu, halafu uishushe mawe yale. Aika akaniambia, "Mama, wewe ndiye mke wa fundi wa mikokoteni. Kachague wewe, mimi niko na wageni juu mpaka Ijumaa." Nilivimba kichwa, nakwambia! Nikavaa kitenge changu cha harusi za watu nikashuka.

Baba Aika, ungeona wanachouza siku hizi ungefufuka kwa hasira.

Himo nilikuta mkokoteni wa matairi ya gari, mpana kama geti la kanisa. Nikamuuliza muuzaji, huu utapita wapi katikati ya migomba na kahawa? Akasema, "Mama, si ukate migomba." Ati nikate migomba! Nilifyonza mpaka wauza nyanya wakageuka.

Moshi mjini, dukani, wana kile kigari chenyewe cha kubebea boti, kimetoka ng'ambo, kinakunjika kama mwavuli. Kinang'aa! Nusura nikipende. Nikakibonyeza gurudumu kwa kidole gumba kama ulivyonifundisha. Plastiki tupu, hakina hewa, na udogo wake kama kifuniko cha sufuria. Muuzaji anaimba, "Hiki kinakwenda popote, mama mkwe." Nikamwambia, popote penye sakafu. Kwenye tope letu kitazama, kwenye mawe ya Chala kitaruka kama mbuzi na kuimwaga boti. Na binti sina wa kukuoza, acha kuniita mama mkwe.

Rau nikapata wa magurudumu ya baiskeli. Huo, nisiseme uongo, ulikuwa mwepesi na mwembamba. Lakini nikausukuma kwa ubavu, spoku zikalia. Kijia cha Chala kimelala upande. Boti ikiegemea, rimu inapinda kama namba nane. Na katika yote hiyo, hakuna hata mmoja wenye breki! Watu wanauza vitu vya kupanda tu. Nikasikia sauti yako kabisa: "Kupanda hata mjinga anapanda. Fundi anaonekana kwenye kushuka."

Unajua nilichokuwa nakikwepa. Na mimi nilijua tangu Himo.

Siku ile ya masika, gari lililokutoa hospitali lilikwama pale barabarani, likawa linarusha tope kwenye nguo za waombolezaji. Wakakimbia kuchukua mkokoteni wako. Ule uliouunda wewe, wa magurudumu ya pikipiki, mwembamba wa kupita kwenye kahawa, wenye breki yako ya kamba na mpira. Wakakuweka juu yake. Wakakufunga kwa kamba. Ukapanda mpaka kihambani bila kutikisika, na watu nyuma yangu wakawa wanasifu, "Jamani, mkokoteni huu ni wa fundi." Wanasifu! Nilisikia kutapika. Kesho yake nikamwita mdogo wako Elirehema nikamwambia, shemeji, ondoa kitu hiki, sitaki kukiona. Miaka mitatu sijakiangalia. Akipita nacho njiani, mimi nageukia migomba.

Basi narudi kutoka Rau mikono mitupu, nakutana na harufu. Na inzi. Nikadhani panya kafia mahali. Nazunguka nyuma ya banda... Baba Aika! Boti ya mwanao imejaa nyalu! Ndizi zilizopikwa, zimemwagwa humo zichachuke kwa ajili ya pombe ya mbege, na povu linatoka kwenye matundu yote mawili kama mdomo wa ng'ombe mgonjwa. Inzi wamelewa, wanatembea kwa miguu. Shemeji amekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, kafurahi.

"Shemeji," ananiambia, "Aika kaleta mtumbwi safi, hauvuji hata tone. Ila aliyeuchonga alikuwa kalewa, kaufunika juu."

Ni kweli, kwetu huku mtumbwi ni gogo la kuchachushia pombe tangu enzi za babu zao. Lakini si aliambiwa? Nikamuuliza, si uliambiwa ni boti? Akasema, "Niliambiwa. Nikajua mnajidai tu."

Nilimpa maneno ambayo hayaandikwi kwenye barua ya marehemu. Alipoona machozi ndipo aliposimama, akaweka mwiko chini. "Basi shemeji, nimekosa. Nifanye nini?" Nikafungua mdomo nimwongezee, na kilichotoka kikanishangaza mwenyewe: "Nirudishie mkokoteni."

Akauleta. Ungelia. Alikuwa anabebea samadi ya nguruwe, imegandia kwenye mbao, kwenye ekseli, mpaka kwenye mishikio. Nikaosha boti kwa majivu na maji ya mfereji, kisha nikakabili mkokoteni. Nilitapika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyalu. Ya pili sijui ilikuwa ya samadi au ya siku ile ya masika.

Nikasugua. Kwenye mshikio, chini ya uchafu wote ule, ikatokea rangi ya machungwa. Ni kipande cha kanga yangu, Baba Aika. Ulikikata mwaka ule nilipokuwa nashusha ndizi sokoni viganja vikapasuka, ukakizungushia pale, na mimi nikakugombeza siku mbili kwa kuharibu kanga nzima. Ulikuwa mtu wa kujibu kwa mikono.

Nikakaa chini pale kwenye maji machafu.

Halafu nikainuka, maana kazi ya mtu iko hatarini. Nikapunguza hewa kidogo, kama ulivyosema: kwenye lami tairi lishibe, kwenye tope tairi likae na njaa. Tukalaza boti katikati, tukaifunga. Nikamwambia shemeji, ingia tundu la mbele uwe mzigo. Akasema, "Mimi mtu mzima?" Nikamwambia, asubuhi ulikuwa mpishi, sasa ni mtalii, ingia. Akaingia, magoti kwenye kidevu, majirani wamejaa kwenye ua wanashangilia. Nikaishika kamba ya breki mimi mwenyewe, mkono kwenye kanga yangu, tukateremka lile tuta la mfereji, tope hivi, mawe hivi. Pale panapotisha nikavuta. Mpira ukabana tairi. Tukashuka taratibu kama watu wanaotoka kanisani. Haukutikisika.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema kwa sauti: "Jamani, mkokoteni huu ni wa fundi."

Kinyaa hakijaisha chote, sikufichi. Boti bado inanuka nyalu ukiinamia tundu la nyuma, na siku ile ya tope bado iko kifuani. Lakini naahidi mbele yako: mkokoteni huu hautabeba samadi tena, wala hautakwenda kwa mtu mwingine. Ulipanda nao wewe. Sasa mwanao atashuka nao.

Lala salama, mume wangu. Aika anateremka mlimani Ijumaa. Pikapu imeshaagizwa, shemeji ameapa kuja na shati safi na bila mwiko, majirani wa ua wote wamesema hawabaki, na mimi ndiye nitakayeshika kamba ya breki mpaka chini majini. Tunatarajiwa Chala wote, Jumamosi asubuhi.

Wako,
Mama Aika