Maji Yaliyoitwa Dawa

Kijiji cha Ujamaa Kwedigongo,
Kupitia Kang'ata,
Handeni.

12 Mfunguo Tano 1398
(22 Januari 1978)

Mpendwa mpwa wangu Isihaka,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa na afya anayojaaliwa mtu wa umri wangu, nayo yanitosha kwa kusimama na kurukuu. Nawe hali yako huko Bulgaria? Kile kikohozi ulichotutajia kimekuacha? Vaa nguo nzito, wala usione haya kufunga shingo hata kama vijana wenzako hawafungi.

Mama yako, dada yangu Fatu, hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini shamba halijamshinda. Mahindi ya vuli yalipata mvua kidogo. Kula tutakula, inshallah, ila hakuna ya kuuza.

Nyumba yangu ni ile ile uliyoiacha. Tangu Mwantumu, mke wangu aliyekulea, aliporejea kwa Mola wake, nimejifunza kupika katika chungu kidogo. Hata hivyo chakula hubaki.

Barua yako juu ya mitambo ya kusafisha maji ilinifikia salama. Unaniuliza kama elimu hiyo itafaa kwetu. Jibu langu si fupi, basi univumilie.

Unakikumbuka kisima cha saruji tulichochimba kwa kujitolea mwaka tuliohamia hapa kijijini, serikali ikatupa pampu ya mkono. Mwaka jana, kipindupindu kilipoingia katika kambi moja ya mkonge upande wa Korogwe, tuliletewa bwana afya, kijana aitwaye Laurenti, mtoto wa manamba wa zamani. Alifungua mfuniko wa kisima, akamimina unga mweupe, kisha akawageukia watu kwa furaha: "Ndugu wananchi, nimetia dawa. Sasa kunyweni bila hofu."

Isihaka, neno moja lilitosha. Kwetu dawa haitiwi ila penye ugonjwa au penye uchawi. Wanawake wakaulizana, "Dawa ya nini, nasi hatuumwi?" Mmoja akanong'ona kwamba ni ya kufunga uzazi. Kabla ya adhuhuri ndoo zote zilikuwa zimeelekea bwawani, kule wanakokunywa ng'ombe. Niliziangalia zikipita mlangoni kwangu, nikajua kwamba maradhi yakivuka kutoka Korogwe yatatukuta tumeinama juu ya maji yale.

Msikitini jambo likawa zito zaidi. Mwinjuma, niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiandikia ubao mmoja, alisimama baada ya swala. "Maji yamegeuka harufu," alisema. "Na maji yaliyogeuka harufu hayasihi kwa udhu. Ni wewe uliyetufundisha, Shehe."

Ni kweli nilifundisha, lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Mageuko yanayoyaharibu maji kwa udhu, ikiwa kilichochanganyika nayo si najisi, ni yale yanayoyaondolea jina lake. Nikamwuliza, "Mwinjuma, mkeo akitwaa ndoo kwenda pampuni, huwa anakuaga kwamba anakwenda kuteka nini?"

"Maji."

"Hajapata kukuambia anakwenda kuteka dawa?"

Watu wakacheka. Nikaendelea, "Basi jina lingalipo. Chai ni maji yaliyopoteza jina, ndiyo maana hatutawadhi kwa chai. Haya bado ni maji, na udhu wake ni sahihi."

Mwinjuma hakucheka. "Shehe ameonja chumvi ya serikali," akawaambia waliokuwa karibu naye. "Pua yake haisikii tena harufu yoyote."

Ijumaa iliyofuata Mwinjuma na wenzake hao waliswali uani kwake. Wengine walimfuata mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake, na sikumzuia mtu. Wa mwisho alikuwa Mbaruku kipofu, ambaye mkwewe alikuja kumshika mkono mlangoni mwa msikiti na kumgeuza njia. Mzee yule aliuliza, "Mbona leo tunapinda huku?" Jibu alilopewa sikulisikia.

Nilimwita Laurenti nyumbani, nikamkaribisha uji. Nilimwuliza kwa nini harufu ile haitoki. Akaniambia kwamba hutoka yenyewe, maji yakiachwa wazi kwa muda. Hapo ndipo nilipofahamu. Sisi tumeamrishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kufunika vyombo, na wanawake wetu huyafunika maji tangu pale pale pampuni, tena kwa vifuniko vizito. Harufu ilikosa pa kupitia. Twaa yao, yaani utii wao, iliifungia harufu chunguni, kisha ikawakimbiza bwawani.

Nikashauri mdomo wa chungu ufungwe kitambaa chepesi: chombo kimefunikwa, na harufu imepata njia. Laurenti alifikiri, akakubali. Kisha akaniambia, "Nami, mzee, neno dawa nimelitubia. Kuanzia leo nitasema natia sabuni ya kisima." Nilicheka, Isihaka, na sauti yangu ikanishtua, kwa jinsi nilivyokuwa sijaisikia ikicheka ndani ya nyumba ile.

Mama yako ndiye aliyelitekeleza. Alichana kanga yake kuukuu, akazunguka na chungu chake nyumba kwa nyumba akiwapigia kelele mashoga zake: "Njooni mnuse wenyewe! Au pua zenu mlizisahau kule tulikohama?" Wakanusa, wakacheka, wakachana vitambaa. Haukupita muda mrefu foleni ikarudi pampuni. Maradhi yalifika katika vijiji vya jirani na kuua watu. Hapa kwetu hayakuingia, na shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu.

Basi jibu langu ndilo hilo. Elimu yako itafaa, tena inahitajiwa sana. Lakini mitambo hufika kwetu na vipuri vyake bila kufika na jina lake, na wananchi huipa jina wenyewe siku ile ile ya kwanza. Kabla hujafungua sanduku lolote, keti na watu uwasikilize wataliitaje lililomo. Uliza pia vyombo vyao hufunikwa na nini. Naamini mambo haya mawili hayamo katika vitabu vya huko.

Huenda wadhani kwamba, maji yakiisha kukubalika, watu nao wamerudi msikitini. Hawakurudi. Nimejifunza uzeeni kwamba watu humsamehe upesi aliyekosea, aliyepatia humchelewesha. Mimi huadhini, hungoja kadiri ya adabu, kisha hukimu swala na kuiswali peke yangu. Mikeka naikung'uta yote, hata ya nyuma.

Jana wakati wa alasiri nilikuwa nimekwisha kuadhini nikaisikia pampu inalia. Nilichungulia dirishani. Alikuwa Mwinjuma na wenzake. Walijaza birika, wakaketi juu ya mawe ya kisima wakatawadha kwa maji yale yale, bila haraka, mpaka vifundoni. Moyo wangu ulikwenda mbio kama wa kijana. Nilisogea mbele nikanyoosha mkeka wa safu ya kwanza. Walipokwisha walisimama, wakashika njia ya uani kwa Mwinjuma.

Nilimshukuru Mungu kwa udhu wao. Kisha nikakimu.

Mama yako anakusalimu sana, na anasema usioe huko kabla hajakuona. Dada yako Zamda anakusalimu pamoja na mumewe na watoto. Mbaruku kipofu, nilipokutana naye njiani, aliniuliza habari zako kwa jina. Nisalimie Yordani, mwenzako kutoka Vugiri. Mwambie tunamwombea naye, ingawa kila mmoja kwa dini yake.

Mwenyezi Mungu akufungulie elimu yenye manufaa, akulinde na baridi ya ugenini, akurejeshe ukiwa na imani yako. Na siku utakaporudi, kabla hujakwenda kuripoti wizarani, pitia kwanza kwangu wakati wa swala. Sihitaji safu nzima. Mtu mmoja wa kusimama kuliani kwangu atanitosha.

Ndimi mjomba wako, nikupendaye na kukuombea,

Athuman bin Salehe