Betri Imelala Ukweni

Jumamosi, 8 Juni 2024
Nimefika Ruhuwiko saa nne asubuhi. Nimekuja kumchukua mke wangu Lidwina — wiki tatu kwa wazazi wake zinatosha. Baba mkwe, Mzee Pankrasi, amesema nikae kwanza, mtu haji ukweni kama anafuata gunia. Nimekaa. Lidwina amenisalimia, ametenga chakula, basi. Nalala hapa. Kesho baada ya Misa tunaondoka.
Betri: volti 12.7. Maji yako kwenye mstari.

Jumapili, 9 Juni
Nimepiga stata — kimya! Hata honi. Pikipiki hii bila betri haitoi moto kwenye plagi, upige kiki utakavyo. Mita inasoma 10.6. Fyuzi nzima. Shemeji Fulgence, kaka yake Lidwina, kacheka mpaka kashika ukuta: "Shemeji, mnyama wako kaja kuoa!"
Mfaranyaki kwangu naweza kufika kwa miguu. Lakini kutoka ukweni bila mke, bila pikipiki, watu wote wakitoka kanisani — siwezi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimebeba betri hadi Bombambili kwa fundi, imechajiwa kutwa. Jioni nimeifunga. Imewaka mara moja! Injini ikiwa inanguruma, chaji 14.1. Maana yake rektifaya, kile kifaa kinachochaji betri, haina shida.
Nimemwambia Lidwina afungashe, asubuhi safari. Alikuwa anasugua sufuria. Akauliza rektifaya ni ile ya siku ile? Nikasema ndiyo. Akaendelea kusugua.
Siku ile. Siku ya pili ya matanga ya Ida wetu. Miezi tisa tu, mtoto. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye moto, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga rektifaya. Ya zamani ilikuwa imeungua. Ningefanyaje?

Jumanne, 11 Juni
10.4! Ufunguo umelala mfukoni mwangu. Betri nzima haishuki hivyo yenyewe. Mzee anasema labda ni baridi ya mwezi huu. Baridi gani inakunywa betri?
Mama mkwe hanisogelei, ndiyo heshima yao. Anamtuma Fulgence: mkwe aulizwe, togwa au uji? Nataka kuondoka! Nimesema uji.
Bombambili tena. Fundi kaniuliza kama siku hizi nimehamia ukweni. Jioni 12.8. Baada ya kukaza bolti za nyaya za betri nimechora alama za kalamu, moja kwenye kila bolti, moja kwenye kichwa chake cha betri, zitazamane.

Jumatano, 12 Juni
10.5.
Alama hazitazamani. Kwenye boksi la vifaa, balbu yangu ya akiba imetolewa kwenye kitambaa chake, imeungwa nyaya mbili. Imewaka usiku kucha hiyo, ikinywa betri.
Nilikuwa namfuata Fulgence nimkabe. Halafu nikaona grisi. Aliyefungua amekaza vizuri, amerudisha mpira mwekundu, akapaka grisi upya juu ya bolti — kidogo, kwa kidole. Fulgence hajui hayo. Mzee hajui. Miaka sita nimemfundisha mtu mmoja tu, akinishikia tochi nyumbani.
Nimebaki na spana namba kumi mkononi.

Saa tatu na nusu. Lidwina amekuja na vigoda viwili, ameviweka juani, karibu na pikipiki. Ameuliza imewaka?
Bado.
"Basi kaa."
Nimekaa. Nikatoa daftari, nikasema naandika vipimo vya betri. Hakukataa. Kachukua spana mkononi mwangu, kaiweka mapajani mwake. Halafu kasema, taratibu tu, kama anayeuliza chumvi:
"Siku ya pili ile nilikuita, Wende. Mara tatu. Nilikuwa nasikia spana."
Naweza kusema injini ilikuwa inanguruma. Haikuwa inanguruma, nilikuwa nimeifungua yote.
Nilimsikia. Mara zote tatu.
Anangoja. Mimi naandika tu, sijainua kichwa —